Komando wa Kichina na kijana wa Langoni

Swali: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mtaa wa Langoni, Lamu. Kijana wangu wa miaka 15 haondoki kwenye kibanda cha video. Juzi alirudi na filamu ya komando wa Kichina, Wolf Warrior 2, kwenye flashi, akaiona hapa nyumbani na wenzake mara tatu. Wanashangilia, wanapiga makofi, na sasa anasema akimaliza shule ataingia jeshini. Mjomba wake aliitazama kidogo akasema hiyo ni propaganda tupu, niifute. Kijana akamjibu kwamba za Wamarekani ni hivyo hivyo na mjomba huziangalia. Nimekosa la kusema. Je, ni propaganda kweli? Na nifanye nini?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na lile unalolisubiri. Ndiyo, ni propaganda, na kijana wako naye amesema kweli kuhusu za Wamarekani. Usiifute. Ukiifuta ataiona kwa jirani, na huko kwa jirani wewe hutakuwapo.

Wengi tukisikia neno propaganda tunafikiria uongo, na hapo ndipo mjomba anapokwama, kwa sababu kijana akiambiwa ni uongo atakwenda kutafuta ukweli uliomo na ataupata. Mwaka 2011, Libya ilipowaka, Uchina iliwahamisha raia wake zaidi ya 35,000 kutoka huko. Mwaka 2015 manowari zake ziliingia Yemen wakati wa vita zikachukua Wachina na raia wa mataifa mengine pia. Haya yalitokea, na filamu imejengwa juu yake. Mtu akisimulia tendo jema alilolitenda nduguye hajasema uongo. Tazama anavyolisimulia, na ni nani kwenye simulizi hiyo hakupewa nafasi ya kufungua kinywa.

Filamu yenyewe iliongozwa na Wu Jing, ambaye pia ndiye steringi. Ilianza kuonyeshwa Uchina tarehe 27 Julai 2017. Siku tano baadaye, tarehe 1 Agosti, jeshi la Uchina lilitimiza miaka 90, na siku hiyohiyo nchi hiyo ikafungua rasmi kituo chake cha kwanza cha kijeshi nje ya mipaka yake, kule Djibouti, kwenye lango la Bahari ya Shamu. Sisemi kuna mtu alikaa na kalenda akapanga yote matatu. Nasema watu walioingia sinema wiki ile walikuta hadithi na habari za dunia zinaimba wimbo mmoja. Na waliingia kwa hiari yao, wakanunua tiketi kwa wingi hata mapato yakapita dola milioni 850. Filamu ilitengenezwa na kampuni zinazotafuta faida. Kisha Uchina ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Propaganda ya namna hii haiagizwi na waziri. Inatoka kwa mfanyabiashara anayejua watu wake wanatamani kusikia nini kuhusu nafsi zao.

Kuna onyesho moja nataka ulitazame vizuri. Steringi anasindikiza msafara wa magari uliojaa watu waliookolewa, na mbele yao kuna eneo la mapigano, risasi zinaruka pande zote mbili. Anachukua bendera ya nchi yake, anaivalisha mkono wake kama mlingoti, anasimama juu ya gari. Wapiganaji wanaiona. Bunduki zinanyamaza. Gari linapita katikati yao polepole na hakuna anayekohoa. Mapema kidogo kuna daktari, Mchina mwenye uraia wa Marekani, aliyepiga simu kwa Wamarekani wenzake kuomba msaada, akajibiwa na sauti iliyorekodiwa kwamba wamefunga. Unganisha maonyesho hayo mawili. Simu ya mmoja haipokelewi, bendera ya mwingine inanyamazisha vita. Mwishoni kabisa skrini inajazwa na pasipoti ya Uchina na maneno yanayomwambia raia kwamba akipatwa na hatari ugenini asikate tamaa, nyuma yake ipo nchi yenye nguvu. Maneno hayo hayamo kwenye pasipoti halisi. Lakini nikwambie, hata mimi niliyekaa na daftari kuichambua nilihisi kitu kifuani. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na ukimwambia kijana kwamba ni filamu mbovu atajua huna macho.

Sasa muulize swali moja: vita ile ilikuwa nchi gani?

Hatakuwa na jibu, kwa sababu haina jina. Ni Afrika tu. Sehemu ya filamu ilipigwa Afrika Kusini, lakini nchi ya hadithi haikupewa jina, wala lugha yake, wala sababu inayoeleweka ya watu wake kupigana. Imepewa ugonjwa wa kutunga, waasi wenye vitambaa vyekundu, mtoto mzuri anayempenda komando, na usiku mmoja wa ngoma kando ya moto. Watu wa nchi hiyo wanauawa, wanacheza ngoma, wanaokolewa. Hata adui mkuu, yule ambaye steringi anapigana naye mwishoni, ni mamluki wa Kizungu. Ugomvi ni wa wageni wawili, na sisi ndio uwanja. Kijana wako alipiga makofi mara tatu na hakugundua kwamba katika hadithi ile anayefanana naye ni yule anayeanguka nyuma ya ukuta kabla hujaona uso wake.

Mjomba asifurahi bado. Ya Wamarekani nayo ina utaratibu wake, na utaratibu wenyewe unajulikana wazi. Wizara yao ya Ulinzi ina ofisi inayoshughulika na Hollywood. Mtengenezaji akitaka ndege za kivita, manowari au askari wa kweli, anapeleka skripti yake isomwe. Panapoonekana jambo linalolichafua jeshi huombwa abadilishe, na akikataa atafute ndege kwingine, na ndege za kivita hazikodishwi mtaani. Katika Top Gun ya 1986, mpenzi wa steringi alikuwa mwanajeshi katika skripti ya awali. Jeshi la wanamaji halikutaka mapenzi ya ofisa na mwenzake wa chini, basi akageuzwa kuwa mtaalamu wa kiraia. Kifo cha rafiki wa steringi kiliandikwa kuwa ndege zimegongana angani, nacho kikabadilishwa. Filamu ilipotoka, waandikishaji wa jeshi waliweka meza nje ya baadhi ya sinema. Ile ya pili, iliyotoka 2022, ililipia ndege za F/A-18 dola 11,374 kwa kila saa ya kuruka. Na adui wa filamu hiyo ya pili ni nani? Hana jina. Nchi yake haitajwi, marubani wake wamefunikwa nyuso. Mchina na Mmarekani walifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

Kuna moja ya Kimarekani inayotugusa zaidi watu wa pwani hii, nayo ni Black Hawk Down. Inahusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, helikopta mbili zilipoangushwa. Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda hapa Malindi, miaka ya mwanzo ya 2000, tumebanana kwenye mabenchi, feni moja. Kila Msomali aliyeanguka kibanda kilishangilia. Pembeni yangu alikaa jamaa mmoja, Mbajuni aliyekimbia Kismayu akiwa mdogo. Hakushangilia wala hakukasirika. Filamu ilipofika katikati alininong'oneza, “Huu si mji ule. Kuta hizi si za kule.” Alikuwa sawa, filamu ilipigwa Morocco. Kisha akanyamaza hadi mwisho.

Baadaye niliirudia peke yangu kwa sababu ya yule jamaa, nikaona kitu ambacho sijakisahau. Askari wa Kimarekani wameandikwa majina kwenye helmeti. Katika vita vya kweli hawakuwa nayo. Mwongozaji, Ridley Scott, aliyaweka ili mtazamaji asiwachanganye, kwani wote wamenyoa, wote wamejaa vumbi. Ni uamuzi wa kiufundi na mimi nauelewa. Lakini angalia matokeo yake. Upande mmoja, hata katikati ya moshi, kila anayepigwa ana jina kwenye paji la uso. Upande wa pili ni umati. Na maandishi ya mwisho yanasema Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa na Wamarekani 19. Kisha majina ya wale 19 yanaorodheshwa, mmoja mmoja. Zaidi ya elfu moja wamepewa tarakimu. Hata tarakimu hizo zikiwa za kweli, tofauti hiyo inabaki.

Hii tabia haikuanzia kwetu wala kwao leo. Mwaka 1939 Waingereza waliunda kitengo cha filamu za makoloni ili kuwavuta watu wa Afrika waunge mkono vita vyao, na mkuu wake aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo filamu zetu zilitengenezwa polepole, kama uji wa mgonjwa. Marehemu babu yangu, aliyekwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alikuwa akisema kwamba gari la sinema lilimwonyesha jinsi ya kupiga saluti na halikumwonyesha matope.

Na adui naye hubadilishwa kama kanzu. Urusi ya Stalin ilitengeneza Alexander Nevsky mwaka 1938, hadithi ya Warusi kuwashinda mashujaa wa Kijerumani wa karne ya 13. Agosti 1939 serikali ya Stalin ikatia saini mkataba na ile ya Hitler, filamu ikaondolewa kwenye sinema. Hitler alipovamia Urusi Juni 1941, ikarudishwa. Filamu ni ileile, hakuna picha iliyobadilishwa. Mjomba, kama ni wa rika langu, atakuwa aliipenda Rambo III ya 1988, ambamo Rambo anapanda farasi pamoja na mujahidina dhidi ya Warusi. Mwishoni filamu ile imetunukiwa watu mashujaa wa Afghanistan. Wapo wanaodai iliandikwa mahususi kwa mujahidina na kubadilishwa baadaye. Si kweli, iliandikwa kwa watu wa Afghanistan tangu mwanzo. Hata hivyo, ilipofika 2001 vijana waliokuwa wameshangilia wapanda farasi wale walikuwa wanaonyeshwa milima ileile kama makao ya maadui.

Sisi nasi tumeanza kutengeneza zetu. Mission to Rescue ya Gilbert Lukalia, ya 2021, inahusu makomando wa Kenya wanaokwenda kuokoa mateka kutoka kwa al-Shabaab, na ilipelekwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Nchi kuwapenda askari wake si kosa, na nilifurahi kusikia Kiswahili kwenye vinywa vya watu wenye bunduki badala ya kukisikia kwa wanaokimbia tu. Lakini wewe uko Lamu. Wewe unajua kitu ambacho filamu yoyote ya kivita, ya Beijing, ya Hollywood au ya Nairobi, haikionyeshi. Unaijua amri ya kutotoka usiku ya mwaka 2014 baada ya shambulio la Mpeketoni. Unajua wavuvi walivyozuiwa kuvua usiku, na usiku ndio wenye samaki. Katika filamu vita ni mlio, kisha mlio unakwisha na watu wanakumbatiana. Hakuna filamu ya komando niliyoiona ambayo mwanamke anahesabu siku ya ngapi hii mumewe hajaweka chombo baharini. Wewe umeishi ndani ya ile sehemu wanayoikata.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka hasa ulichukue, na nalichukua kwenye mji wako mwenyewe.

Watu wa Lamu hamhitaji kufundishwa propaganda ya kivita, kwa sababu mababu zenu walikuwa mafundi wake. Ilipofika vita vya Shela, mnamo 1812, Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate wakashindwa pale mchangani, mashairi yalikuwa yamepigana kabla ya panga na yakaendelea baada yake. Mombasa kulikuwa na Muyaka bin Haji, Lamu kulikuwa na Zahidi Mngumi. Kila mmoja aliusifu mji wake, akaukejeli mji wa mwenziwe, akatia chumvi. Nyuma zaidi, mwaka 1728 kule Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka kwa ajili ya mtawala, uliojaa vita vikali na jeshi la Warumi, ilhali masimulizi ya sira ya Mtume yanatuambia msafara huo wa Tabuk ulirudi bila mapigano na Warumi. Mtunzi hakuwa mwongo. Alikuwa anafanya kazi ya ushujaa, na waliomsikiliza walijua kazi ile inavyofanywa.

Tofauti iko wapi basi? Muyaka alijibiwa. Shairi likitoka Mombasa, Lamu ilikaa barazani, likasomwa, likapimwa vina na mizani, na jibu likatumwa. Msikilizaji alijua mtunzi ni nani, wa ukoo gani, anakula kwa nani. Hata aliyesifiwa alijua kesho atasutwa. Filamu ya dola milioni kadhaa haingoji jibu. Inazungumza saa mbili, inazima, inaondoka. Watu wa ile nchi isiyo na jina hawana namna ya kutuma beti zao Beijing. Mtoto anayesikiliza mtu mmoja mwenye sauti nzuri kila jioni, bila kumsikia mtu mwingine akimjibu, huchukulia kwamba yote yamekwisha kusemwa.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kumpa kijana kinywa. Na pengine ameshakuwa nacho bila wewe kujua. Muulize kama anamjua DJ Afro. Atacheka, maana hakuna kijana wa kibanda asiyemjua. Yule bwana anachukua filamu ya Marekani au ya Kihindi, anazungumza juu yake kwa Kiswahili chetu cha mitaani, anachomeka utani wake. Nimewahi kukaa na vijana wanaomsikiliza na nikaona jinsi filamu nzito ya kizalendo inavyolegea mtu akiwa anaizungumzia juu kwa juu. Kila mara anapotia neno lake, bendera inakuwa kitambaa kwa sekunde mbili. Sisemi anafanya uchambuzi, anafanya kazi yake ya kuchekesha, lakini anavunja ule ukimya ambao propaganda inauhitaji.

Mimi nilifanya hivi na mpwa wangu, filamu hiyohiyo, na sikumhutubia. Nilishika rimoti tu. Mtu alipoanguka nilisimamisha nikamwuliza, “Huyu ni nani?” Akasema muasi. “Anaitwa nani? Kwao wapi? Anapigania nini?” Mara ya kwanza alikasirika kwa sababu nilikuwa nakatiza vita. Mara ya nne alianza kujibu kwa kutunga, kwamba huyu anaitwa Saidi, alikuwa dereva wa lori, hajalipwa miezi mitatu. Tulipofika kwenye kifaru cha tatu kulipuka, yeye ndiye aliyenyakua rimoti akasimamisha. Alitaka kujua kifaru kile ni cha nani, nani alikilipia, na vipi waasi wasio na viatu wana vifaru vingi hivyo. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria. Na bado anaipenda filamu ile, nami sina haja ya kumwondolea mapenzi hayo.

Kuhusu jeshi, tafadhali ulitenganishe na filamu. Kuna askari wanaofanya kazi ya heshima, na kijana wa pwani akitaka kuwa mwanamaji anataka kitu kilicho karibu na damu yake. Usimcheke. Mtafutie mzee mmoja aliyestaafu jeshini, wapo hapo Lamu na huku Malindi, akae naye kikombe cha kahawa amwulize siku ya kawaida ilikuwaje. Atasikia habari za kusimama lindo, kufua, kungoja, kukaa mbali na mama yake, na rafiki aliyekufa kwa jina lake. Akitoka hapo bado anataka, basi anataka kazi yenyewe, na hilo ni jambo la kuzungumzwa na baba yake na cheti chake cha shule.

Mjomba naye umkaribishe, alete filamu moja ya Kimarekani anayoipenda, nayo isimamishwe kwa rimoti ileile bila upendeleo. Ile ya Kichina ina dakika 123, kwa hiyo gawanyeni jioni mbili. Anzeni na onyesho la kwanza kabisa, maharamia wanapovamia meli na steringi anajirusha majini akapigana nao chini ya maji, mmoja baada ya mwingine, bila kuja juu kuvuta pumzi. Kijana wako amezaliwa Lamu, amepiga mbizi tangu utotoni. Simamisha hapo umwulize yeye, kwa sababu hapo yeye ndiye mtaalamu, si mimi wala Wu Jing.